Mapumziko ya Wawili Katika Mji wa Kamari: Pesa Ni za Nani?



Je, mume na mke Wakristo waweza kwenda kupumzika siku mbili tatu katika mji wa kamari, wakacheza kidogo, kisha wakarudi nyumbani pasipo kukosa lolote? Wako wanaojibu upesi, "Hasha! Huko ni kwa shetani." Wako na wengine wanaojibu upesi vilevile, "Kwani kuna ubaya gani? Pesa ni zao." Majibu ya upesi hayatusaidii sana. Hebu tulichukue swali hili polepole, kwa maana ndani yake mna jambo linalohusu kila nyumba, hata ile ambayo haitaona kasino maishani.

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Las Vegas uko katika jangwa la Mojave, jimbo la Nevada, huko Marekani. Ulianza mwaka 1905 kama mji wa reli. Mwaka 1931 jimbo la Nevada lilihalalisha kamari, na mwaka huohuo likapunguza muda ambao mtu alipaswa kukaa jimboni kabla ya kuomba talaka, hadi majuma sita tu. Basi jimbo likajulikana kwa mambo matatu: kucheza kamari, kuoana kwa haraka, na kuachana kwa haraka. Hadi leo ofisi ya vibali vya ndoa mjini Las Vegas hufunguliwa kila siku tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita za usiku, na wachumba hawalazimiki kungoja hata siku moja. Mwaka 2023 mji huo ulipokea wageni zaidi ya milioni 40. Usifikiri wote hao ni wahuni. Wengi ni watu kama wewe na mimi: walimu, wauguzi, makarani, mafundi, walioweka akiba ili wapumzike na wenzi wao.

Sasa, je, kucheza kwenyewe ni dhambi? Kanisa halisemi hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yaeleza katika aya ya 2413 kwamba michezo ya bahati na kuwekeana dau, kwa yenyewe, si kinyume cha haki. Huwa ubaya pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa ajili ya riziki yake na ya watu wengine. Tena yaonya kwamba uchu wa mchezo waweza kumfanya mtu kuwa mtumwa. Parokia zetu nazo huuza tikiti za bahati nasibu zinapotaka kuezeka kanisa, na hakuna anayekwenda kuungama kwa kununua tikiti moja. Huko Las Vegas kwenyewe kuna Guardian Angel Cathedral, yaani Kanisa Kuu la Malaika Mlinzi, lililojengwa mwaka 1963 karibu na barabara kuu ya makasino. Waamini wageni wamezoea kutia katika kapu la sadaka hata vile vibao vya kuchezea kamari, na kanisa huvibadilisha kuwa pesa.

Labda utaniambia, "Basi mambo yamekwisha. Mimi nikienda uwanjani kutazama Gor Mahia na AFC Leopards, pesa ya tikiti hairudi. Hawa wawili nao wamelipia burudani yao." Hoja hiyo ina ukweli, wala tusiidharau. Burudani ina bei, na mtu aliyechoka ana haki ya kuilipia. Lakini angalia tofauti hii: bei ya tikiti ya mpira unaijua kabla hujaingia. Mchezo hauwezi kukudai zaidi katika dakika ya 80 kwa sababu timu yako imefungwa. Bei ya usiku wa kamari huijui, isipokuwa wewe mwenyewe umeikata kabla ya kuingia na ukaishika.

Na bei hiyo ipo, ingawa haikubandikwa mlangoni. Chukua gurudumu la ruleti la Kimarekani. Lina vyumba 38: namba 1 hadi 36, tena sifuri moja na sifuri mbili. Ukiweka dola 10 juu ya kila chumba, umetoa dola 380. Kimoja hakina budi kushinda. Utalipwa dola 350 na kurudishiwa dola 10 zako, jumla dola 360. Dola 20 zimebaki kwa mwenye nyumba. Ndivyo ilivyo siku zote: katika kila dola 100 zinazowekwa mezani, yeye hubakiwa kwa wastani na dola 5 na senti 26. Siku hizi ziko na meza zenye sifuri tatu, ambapo hubakiwa na zaidi ya dola 7. Yule mchezesha karata tatu wa kando ya stendi ya matatu hukuibia kwa wepesi wa mikono. Kasino haina haja ya kukuibia. Hesabu inatosha. Mtu mmoja aweza kushinda usiku mmoja, ndiyo, lakini kadiri anavyozidi kukaa ndivyo anavyozidi kuikaribia hesabu ile.

Baada ya kuyajua hayo, tuwafikirie mume na mke. Tuseme ni Wakenya waishio Texas. Mke ni muuguzi wa zamu ya usiku, mume ni dereva wa lori. Wana watoto wawili. Kila mwezi hutuma pesa nyumbani, nyingine kwa mama mzazi wa mume, nyingine karo ya mpwa. Kwa muda wa mwaka mzima wamekuwa wakipishana mlangoni: huyu anaingia, yule anatoka. Siku moja mume anasema, "Mama watoto, twende Las Vegas Ijumaa mpaka Jumapili, sisi wawili tu." Mke hapendi sana, lakini anaona mumewe amefurahi, naye anajibu, "Sawa." Wanapatana kwamba kila mmoja atakuwa na dola 300 za kuchezea, basi.

Jumamosi usiku, baada ya chakula, mke anachoka. "Baba watoto, mimi naenda kulala." "Tangulia, nakuja sasa hivi." Kufikia saa tano dola 300 za mume zimekwisha. Anatoa kadi ya benki na kuchukua dola 900. Zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya mabati ya nyumba ya mama yake kule Nyamira. Anakusudia kurudisha tu zile 300 alizopoteza, kisha aende kulala. Saa tisa za usiku anapanda chumbani, na zile 900 hazipo.

Msomaji, nakuuliza: kosa la mtu huyu lilitendeka saa ngapi?

Wengi watasema lilitendeka pale pesa zilipopotea. Tujaribu jibu hilo. Tuseme gurudumu lilimpendelea, akapanda chumbani na dola 2,000. Anamwamsha mkewe, wanacheka, asubuhi wanakula chakula kizuri, na mama kule Nyamira anapata mabati mazuri zaidi. Je, sasa hakuna kosa? Kama kosa ni kupoteza, basi aliyeshinda ni mwema na aliyeshindwa ni mwovu, ijapokuwa walifanya kitendo kilekile, kwa nia ileile, katika saa ileile. Hapo tutakuwa tumekabidhi kazi ya kuamua mema na mabaya kwa kigololi kinachozunguka ndani ya gurudumu. Haiwezekani. Kosa lilitendeka saa tano za usiku, kadi ilipotoka mfukoni. Yaliyofuata yaliongeza au kupunguza hasara, lakini neno lilikuwa limekwisha kuvunjwa.

Nami nasema kwamba yule aliyeshinda yuko katika hatari kubwa zaidi. Aliyeshindwa amejifunza jambo, hata kama ni kwa uchungu. Aliyeshinda amefundishwa kwamba mapatano na mke yaweza kuvunjwa ikiwa mwisho utapendeza. Mke naye, kwa kuzipokea zile pesa akicheka, amefundishwa kunyamaza. Safari ijayo atauliza kwa haki gani?

Sasa tuje kwenye lile neno "Pesa ni zao." Wanaume wengine husema, "Mimi ndiye niliyeendesha lori usiku na mchana, mbona niombe ruhusa?" Na siku hizi wako wanawake wenye mishahara wanaosema vivyo hivyo. Lakini tufikiri. Yule anayeendesha lori anaweza kuliendesha kwa kuwa kuna mtu nyumbani aliyeamka na watoto. Yule anayefanya zamu ya usiku anaweza kuifanya kwa kuwa kuna mtu aliyelala na watoto. Jasho la mmoja limo ndani ya mshahara wa mwenzake. Hata sheria za dunia zimeliona jambo hili. Katika jimbo lile la Nevada, lenye makasino yote hayo, pato la mume na mke walilolipata ndani ya ndoa kwa kawaida huhesabiwa kuwa la wote wawili. Na kwetu Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango katika mali. Basi, dola 900 zile hazikuwa za mume. Wala hazikuwa za wote wawili peke yao. Zilikwisha kuahidiwa mtu wa tatu, mama mzee anayetazama mawingu ya mvua. Hapo ndipo lile onyo la Katekisimu linapogusa: pesa ambazo mwingine anazihitaji hazifai kuwekwa dau, hata kama ziko katika akaunti yenye jina lako.

Hata hivyo, tusimwekee mume peke yake mzigo wote. Turudi kwenye lile "Sawa" la mke. Alisema sawa, lakini moyoni hakuwa sawa. Alinyamaza asije akaharibu furaha ya mwenzake. Hili ni jambo la upendo, na bado ni jambo la hatari. Mapatano ya watu wawili hutakiwa yawe ya watu wawili kweli. Ikiwa mmoja anakubali kwa kuogopa kununa kwa mwenzake, hayo si mapatano. Ni amri iliyovikwa nguo ya mapatano. Mke huyu angaliweza kusema, "Baba watoto, nataka sana tuwe pamoja, lakini mahali hapo panitia hofu, na nitakuambia sababu." Labda wangalichagua mahali pengine. Labda wangalikwenda hukohuko, lakini mume angalijua hofu ya mkewe, na kuijua hofu ya mtu unayempenda ni ulinzi mkubwa kuliko ahadi ya dola 300. Mume naye angalipaswa kuuliza mara ya pili. Anayempenda mwenzake husikiliza hata namna ile "sawa" ilivyotamkwa.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Wawili hawa walitoka nyumbani ili wawe pamoja. Je, mahali walipokwenda pamejengwa ili watu wawe pamoja? Katika kasino nyingi utatafuta saa ukutani usiione, na madirisha ni machache, ili usiku na mchana vifanane. Kutoka chumba cha kulala hadi mlango wa nje, mara nyingi unalazimika kupita katikati ya mashine. Pesa zako hugeuzwa vibao vya rangi au tarakimu juu ya kioo, nawe unasahau kwamba kile kibao ni kiatu cha mtoto. Anayecheza huletewa vileo bila malipo. Na kiti cha mashine ni cha mtu mmoja. Mume anaweza kukaa hapa na mke pale, migongo ikitazamana, saa tatu nzima, kisha wakasema walikuwa pamoja. Wale waliokuwa wakipishana mlangoni kwao wamelipa nauli ya ndege ili wakapishane mahali pengine.

Tena kuna lile tangazo maarufu la utalii la mji huo, lililoanza mwaka 2003, lililowaambia watu kwamba yanayotokea huko hubaki hukohuko. Mimi nasema hakuna neno lililo kinyume cha ndoa kama hilo. Kwa mtu asiye na mwenzi labda ni mzaha tu. Kwa mume na mke hakuna "huko" na "hapa". Deni hurudi na sanduku. Siri hurudi na kulala kati yao kitandani. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee, na siku hizi ni fupi zaidi, maana benki hutuma taarifa kila mwezi.

Basi, ushauri wangu ni upi kwa wenzi wanaotaka kwenda? Kwanza, ikiwa mmoja wenu amewahi kushikwa na kamari, msiende kabisa. Tangu mwaka 2022 orodha ya magonjwa inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ina ugonjwa wa kamari miongoni mwa uraibu, karibu na ule wa pombe. Mlevi anayetaka kupona humpeleki kupumzika kwenye kilabu cha pombe. Mtu wa namna hii asaidiwe, wala asichekwe. Vikundi vya Gamblers Anonymous, vya watu wanaosaidiana kuacha kamari, vilianza Los Angeles mwaka 1957 na vimeenea nchi nyingi.

Pili, kateni bei mkiwa bado mezani kwenu nyumbani, baada ya karo, kodi, sadaka na ahadi zote kuwekwa kando. Bei hiyo ihesabiwe kuwa imekwisha kutumika, kama tikiti ya mpira. Mtu asiseme "nitairudisha", kwa sababu tikiti hairudishwi. Chukueni pesa taslimu, na kadi za benki zifungiwe chumbani.

Tatu, ingieni pamoja na kutoka pamoja. Akichoka mmoja, wamechoka wawili.

Nne, kumbukeni kwamba mji ule una mengine. Chemchemi za Bellagio hurusha maji kwa muziki, na kuzitazama ni bure. Miamba myekundu ya Red Rock Canyon iko mwendo mfupi kwa gari, na hata bwawa kubwa la Hoover, lililokamilika miaka ya 1930, haliko mbali. Wenzi waliotembea asubuhi kati ya miamba ile watakuwa wamezungumza zaidi kuliko waliokesha mezani.

Tano, hesabu yote isemwe kabla ya kupanda ndege ya kurudi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Na ikiwa jambo limekwisha kutendeka? Wewe uliyekosa, sema mwenyewe, na useme kiasi chote. Anayeungama dola 400 huku akificha 500 ameongeza kosa juu ya kosa. Kisha lipa kwa kujinyima starehe zako mwenyewe, si kwa kupunguza chakula cha nyumba. Wewe uliyekosewa, una haki ya kukasirika, lakini usimpeleke mwenzako kwa wakwe na mashoga kabla hamjakaa wawili. Uliza swali moja lililo kubwa kuliko pesa: "Kwa nini hukuniamsha?" Jibu la swali hilo litakuonyesha penye ufa. Labda alikuogopa. Labda alijiona mdogo kwa kuwa ahadi ya mabati ilimlemea, akatafuta njia ya mkato. Mambo hayo yanaweza kutengenezwa, yakijulikana.

Watu husema kwamba ndoa yenyewe ni pata potea, hujui utakayempata. Kwa kweli siku ya arusi hakuna ajuaye ya mbele. Lakini mcheza kamari, akishaweka dau, hana tena la kufanya ila kutazama gurudumu. Mume na mke wana la kufanya kila siku: kuuliza, kusikiliza, kusema kweli, kuamshana usiku. Ndoa ikienda vibaya, tusimsingizie Mungu wala bahati kabla hatujatazama tulivyofanya na tulivyoacha kufanya.

Labda wewe usomaye uko Kakamega au Machakos, na Las Vegas ni jina tu. Basi tazama mkononi mwako. Simu ile unayopokelea mshahara ndiyo hiyohiyo unayoweza kuchezea kamari ya mpira, kitandani, mwenzako akiwa amelala kando yako, bila hata kupanda ngazi. Swali ni lilelile. Usiku huu, watoto wakishalala, kaeni wawili na muulizane: katika pesa zetu, zipi zina mwenyewe tayari? Ni kiasi gani mmoja wetu aweza kutumia bila kumwuliza mwenzake? Na lile "sawa" uliloniambia juzi, je, lilikuwa sawa kweli?